Kipimo cha Saa Mbili

Kila Quitunda inapotajwa, jibu huwa tayari mdomoni. Utalisikia Maputo, utalisikia Pemba, na kwetu huku ng'ambo ya Ruvuma utalisikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Mtwara na Lindi: "Wale si wamejengewa? Walikuwa kwenye nyumba za udongo na makuti, leo wana nyumba za tofali, umeme, maji, shule na zahanati. Wanalia nini?" Akiwapo msomi barazani, naye huongeza la kwake: "Wanorwei walikuwa wavuvi maskini kama wao. Mafuta na gesi ndivyo vilivyowafikisha walipo. Tuvute subira."

Jibu hilo lina kasoro mbili. Linakipima kijiji kwa nyumba zake, na linaitaja Norwei bila kushuka melini kuitembelea. Nitaanza na kijiji, kisha nitashuka melini.

Quitunda kwa tahajia yetu ni Kitunda, jina ambalo mkazi wa Dar es Salaam atadhani ni ile ya Ilala. Hii iko rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Haikuota yenyewe kama vijiji vinavyoota, kwa kisima, mwembe na mtu wa kwanza aliyejenga kivulini. Ilichorwa. Gesi iligunduliwa katika bahari ya huko mwaka 2010. Serikali ikatenga kama hekta 7,000 rasini kwa ajili ya viwanda vya kuipoza gesi hadi iwe kimiminika cha kupakiwa melini, na watu wa Milamba, Quitupo na vitongoji jirani wakajikuta ndani ya mstari. Kampuni ya Marekani, Anadarko, ndiyo iliyoanza kujenga kijiji cha kuwahamishia. Familia za kwanza, za Milamba, zilihamia mwaka 2019, na mwaka huohuo Total ya Ufaransa ikanunua sehemu ya Anadarko. Kaya zilizopangwa kuhama zilikuwa zaidi ya 500.

Nyumba zenyewe ni nzuri, na sitaki kubishana na hilo. Zina vyumba vitatu vya kulala, kuta imara na uwanja wa kutosha. Aliyewahi kulala chini ya makuti yanayovuja mvua za kaskazi hawezi kuzidharau. Tena Palma iliposhambuliwa na waasi tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu waliokuwa wakikimbia walielekea Quitunda, wakakaa humo majuma mengi wakisubiri kuokolewa. Kijiji kilichosemwa kuwa cha wachache kikawa hifadhi ya wengi. Kwa hiyo mwenye kusema "wamejengewa" hasemi uongo. Anasema nusu, na nusu aliyoiacha haionekani ukitazama nyumba. Inaonekana ukitembea.

Sasa Norwei. Ile inayotajwa barazani ni Norwei ya hazina: mfuko wa akiba ya mafuta ulioundwa kwa sheria mwaka 1990, ukatiwa fedha ya kwanza 1996, na leo ni miongoni mwa mifuko mikubwa kabisa ya serikali duniani. Mfuko huo ni wa kweli na unastahili sifa, lakini hizo ni hesabu za taifa zima. Kijiji hulinganishwa na mji, na mji wa kulinganisha na pwani ya Palma upo. Unaitwa Hammerfest.

Hammerfest iko juu kabisa ya ramani, kwenye nyuzi 70 za kaskazini. Huko jua huzama mwishoni mwa Novemba na halichomozi tena hadi Januari inapoelekea ukingoni. Mbele ya mji kuna kisiwa kidogo, Melkøya, na juu yake kiwanda cha kupoza gesi kilichoanza kazi mwaka 2007. Gesi yenyewe inaletwa kutoka uwanja wa Snøhvit kwa bomba la chini ya bahari lenye urefu wa zaidi ya kilomita 140. Ni kiwanda cha aina ileile ya Afungi, ingawa cha Afungi kimepangwa kutoa kiasi cha mara tatu yake. Na watu wa Hammerfest, kama wa Milamba, waliwahi kuhamishwa kwa nguvu. Nitalirudia hilo.

Meli za pwani za Hurtigruten zilianza mwaka 1893 kubeba barua, mizigo na abiria katika miji ya pwani ile ambayo haikuwa na barabara. Leo zinabeba watalii kwa wingi. Ile inayoelekea kusini hufunga gati Hammerfest kabla ya adhuhuri na kukaa kama saa mbili tu, na nahodha hamsubiri mtu. Abiria anashuka akiwa na saa yake ya mkononi, koti zito na miguu yake miwili.

Tumfuate. Gati liko katikati ya mji. Boti za uvuvi zimefungwa hapohapo, na kutoka ubaoni mwa boti hadi mlangoni mwa duka ni hatua chache. Dakika chache mbele kuna makumbusho ya ujenzi mpya wa mji baada ya vita. Akiendelea kidogo analikuta kanisa la mwaka 1961, refu, lenye umbo la pembetatu, ambalo mchoraji wake aliiga vichanja vya kuanikia samaki. Mtu wa Palma angelitambua kabla ya kuelezwa: ni chanja ya ng'onda iliyosimamishwa wima na kutiwa vioo vya rangi. Ng'ambo ya barabara, makaburini, kuna kikanisa kidogo cha mwaka 1937, na hilo ndilo jengo pekee la mji lililosalimika vitani. Kutoka hapo anarudi katikati ya mji na kupanda njia ya kupindapinda hadi kilima cha Salen, kisichofika hata mita 100. Juu ya kilima anaona vyote kwa pamoja: bandari, shule, makaburi, nyumba za watu, na ng'ambo ya maji kisiwa chenye mitambo na mwenge wake wa moto. Anateremka, ananunua kadi ya posta, anapanda melini, na dakika zinabaki.

Najua wapo wanaowacheka abiria wa namna hii. Mtu ametembea saa mbili, husema, kisha anakwenda kwao kusimulia mji. Kuna ukweli humo. Saa mbili hazikuonyeshi nani anadaiwa, nani kagombana na nduguye, nani anakunywa kwa sababu ya giza la Desemba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini kuna jambo moja ambalo miguu ya mgeni hulijua upesi kuliko ripoti ya kurasa 300, nalo ni umbali. Miguu haidanganywi na picha za angani wala na maneno "karibu na huduma za jamii". Umetembea dakika ngapi? Umefika wapi? Umerudi na nini? Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukichukue Hammerfest tukipeleke Quitunda.

Kwanza tuulize kwa nini Hammerfest inatembeka. Katika vuli ya mwaka 1944 majeshi ya Wajerumani yalikuwa yakirudi nyuma mbele ya majeshi ya Kisovieti, yakaamriwa kuichoma Finnmark yote ili adui asikute hata kibanda. Watu wapatao 50,000 wa kaskazini walipakiwa kwenye boti na magari wakapelekwa kusini. Maelfu wengine walijificha mapangoni na kwenye vibanda vya udongo na nyasi. Hadi Februari 1945 Hammerfest ilikuwa majivu, isipokuwa kile kikanisa cha makaburini. Vita vilipokwisha serikali iliwaambia watu wasubiri, kwani hapakuwa na paa wala chakula, na ardhini mlikuwa na mabomu. Hawakusubiri. Walianza kurudi mwaka huohuo wakaishi kwenye mabanda ya mbao za kuokoteza, wengine chini ya boti zilizofudikizwa. Na mji uliokwisha kuwa majivu, ambao mchoraji angeweza kuusogeza popote apendapo, ulijengwa upya kuizunguka bandari ileile. Nyumba zilikuwa mpya na njia zilinyooshwa. Kitu ambacho hakikubadilika ni hatua kutoka mlangoni hadi majini.

Hapo ndipo msomi wa barazani anapopotea. Anadhani siri ya Wanorwei ni kwamba walipewa nyumba mpya, nao wakapewa kweli. Lakini nyumba hizo zilijengwa mahali ambapo riziki yao ilikuwa. Kilichofufuliwa kwanza kilikuwa uvuvi, na kiwanda kikubwa cha samaki kikaajiri mji kwa miaka mingi kabla mtu yeyote hajasikia habari za gesi. Gesi ilipofika mwaka 2007 iliukuta mji umesimama kwa miguu yake.

Pili, tazama kiwanda kiliwekwa wapi. Melkøya ni kisiwa, na kimeunganishwa na mji kwa njia ya chini ya bahari yenye urefu wa kilomita mbili na ushei. Kabla ya mitambo kupelekwa, wanaakiolojia wa Tromsø walikichimba mwaka 2001 na 2002 na kukuta mabaki ya makazi ya Zama za Mawe. Maana yake ni kwamba hata nyayo za waliokufa maelfu ya miaka iliyopita zilipewa muda wa kuhesabiwa. Bandari ya wavuvi ilibaki ilipokuwa.

Tatu, halmashauri ya Hammerfest inakitoza kiwanda hicho kodi ya majengo mwaka hadi mwaka. Sizungumzii msaada, wala zawadi ya kampuni yenye picha ya kukata utepe. Ni kodi ya kisheria inayolipwa kwa mji wenyewe, nao ukakarabati shule zake na kujenga nyumba ya utamaduni pale ufukweni. Sisi wa Kusini mwa Tanzania tunalielewa hilo kuliko wengi. Mwaka 2013 Mtwara watu walisema "gesi haitoki", na hawakuwa wakipinga gesi. Walikuwa wakiuliza swali ambalo Hammerfest ilikwisha kulijibu: bomba likipita, hapa kinabaki nini?

Nisije nikafanya Hammerfest pepo. Kiwanda kilipoanza, masizi ya mwenge wake yaliangukia nyumba na magari, na watu wakalalamika kwa sauti. Septemba 2020 moto uliwaka Melkøya, uzalishaji ukasimama hadi katikati ya mwaka 2022. Na sasa upo mgogoro wa umeme: serikali iliidhinisha mwaka 2023 kiwanda kiendeshwe kwa umeme wa gridi, na wafugaji wa Kisami wanapinga njia ya nyaya itakayokata malisho ya paa wao wa baridi. Wafugaji wale wanasema jambo lilelile la Milamba kwa lugha nyingine: kwamba mnyama anakwenda kwa miguu, na njia yake ikikatwa hakuna fidia inayomfundisha njia mpya. Wanorwei wenyewe, basi, hawajamaliza kujifunza. Lakini moto ule ulipozima kiwanda kwa karibu miaka miwili, mji haukuhama. Boti ziliendelea kutoka na kurudi.

Sasa tuchukue saa ya yule abiria tusimame nayo mlangoni mwa nyumba moja ya Quitunda.

Ndani ya dakika kumi au ishirini utafika shuleni, zahanatini, msikitini, dukani. Hadi hapo kijiji kinafaulu, na waliokichora walistahili kulala usingizi. Lakini mtu wa Milamba hakuwa akiishi kwa shule na zahanati. Aliishi kwa bahari. Shirika la Justiça Ambiental la Msumbiji limeeleza kwamba wavuvi walihamishiwa umbali wa kama kilomita 10 kutoka baharini. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita tano kwa saa. Piga hesabu: saa mbili zote za abiria wetu zinakwisha kabla hajalowesha mguu, na bado hajarudi.

Mwenye kusoma haya akiwa mjini atauliza: kwani kuna nini? Mkazi wa Mbagala naye hutumia saa mbili kwenye daladala kwenda kazini Posta. Hili ndilo jibu kubwa la upande wa pili, na lilikuja na dawa yake kabisa: basi la kuwapeleka watu pwani. Nalichukua kwa uzito wake, kwa sababu aliyelitoa hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi tu kufuata maji.

Ofisi ya Posta hufunguliwa saa mbili asubuhi, leo, kesho na keshokutwa. Bahari haina saa hiyo. Kupwa kwa leo na kupwa kwa kesho hupishana kwa karibu dakika 50. Kama Jumatatu maji yametoka kabisa saa nne asubuhi, Jumamosi yatatoka saa nane na ushei mchana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari ya ukanda huu hushuka mita tatu na zaidi, na mwamba wote huachwa mkavu. Siku za maji mafu hautoki vizuri, na aliyekwenda amejichosha bure. Basi hufuata saa ya ukutani, mwamba hufuata mwezi. Ratiba ya basi ingalitaka kuandikwa upya kila siku, na dereva awe anaijua kalenda ya Kiislamu kuliko ya Kizungu.

Nani anaufuata mwamba? Kwa sehemu kubwa ni wanawake. Tukisema "wavuvi" tunamwona mwanamume na mtumbwi, na mipango mingi ya fidia huanza kwa kumwona yeye. Lakini kitoweo cha kila siku cha vijiji vya pwani hii huokotwa kwa mikono. Mama anaiona bahari ikianza kutoka, anaacha chungu kwa binti, anachukua ndoo na kijiti cha kuchokolea pweza, anayafuata maji yanavyorudi nyuma. Anajua shimo lipi lilikuwa na pweza wiki iliyopita, maana shimo zuri halikosi mpangaji kwa muda mrefu. Anaokota kombe na chaza. Wengine wawili wanatanda dagaa kwa kipande cha chandarua. Maji yakigeuka wanageuka nayo. Kazi nzima ni saa tatu, labda nne, na imechomekwa katikati ya kazi nyingine: mtoto amenyonya kabla, unga utatwangwa baadaye. Kazi hiyo haina mshahara wala leseni, wala haiingii katika takwimu za mtu. Sharti lake ni moja tu, uwe karibu. Ongeza saa mbili za kwenda na mbili za kurudi, na hapo hujaipunguza kazi hiyo. Umeifuta.

Mvuvi wa mtumbwi naye ana habari zake. Alfajiri hutoka nje na mswaki mdomoni, hutazama maji, hutazama mawingu yalipo, husikiliza upepo kwenye minazi, kisha huamua: leo tunatoka au hatutoki. Uamuzi huo ndio usalama wake. Wa Quitunda anaamua kabla ya kuona. Anapanda gari au anatembea, anafika, anakuta kusi limechafua bahari, anarudi mikono mitupu. Siku nyingine amekwenda anakuta mtumbwi umejaa maji, au nyavu alizoacha zimechukuliwa, kwa sababu chombo kisicholala karibu na mwenyewe hakina mwenyewe. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, walisema wahenga, na ujuzi huo hautokani na akili nyingi. Unatokana na kuishi pale.

Hata shamba lina kisa hichohicho. Wengi wa Quitupo walikuwa wakulima zaidi kuliko wavuvi, na fidia ya mikorosho na minazi ilihesabiwa mti kwa mti. Mashamba ya kufidia yalichelewa kwa miaka. Na ardhi iliyotafutwa, Senga na kwingineko, haikuwa jangwa. Ilikuwa na wenyewe, wakatazamana na wageni wao kila mmoja akijiona ndiye aliyedhulumiwa. Sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 inasema ardhi ni ya dola, lakini inaitambua haki ya kuitumia ya jamii zilizokaa juu yake kwa mila. Haki hiyo kwenye karatasi ni hekta. Kwa mwenye jembe begani, ni hatua kati ya nyumba na shamba.

Yapo majibu mengine mawili ambayo sitaki kuyaruka.

La kwanza: "Usilaumu mradi, laumu vita." Vita ni kweli na ni vibaya. Vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na baada ya Palma kushambuliwa, Total ilitangaza Aprili 2021 kwamba imezuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, tangazo ambalo halikuondolewa hadi Novemba 2025. Katika miaka hiyo mengi yaliyoahidiwa yalisimama. Lakini Quitunda ilichorwa na familia za kwanza zikahamishwa kabla ya siku ile ya Machi. Vita vilichelewesha mashamba, vikafanya njia ziwe za hofu. Umbali kutoka mlangoni hadi majini haukuletwa na vita. Uliletwa na kalamu.

La pili ni gumu zaidi: "Hammerfest walibahatika kuwa na kisiwa. Afungi ungeweka wapi kiwanda?" Nalikubali nusu. Rasi ile ni tambarare, iko karibu na gesi, na mhandisi aliyeichagua hakukosea hesabu zake. Sibishani naye kuhusu kiwanda. Nabishana kuhusu kijiji. Nje ya uzio wa mradi pwani haikwishi. Ni kweli pwani iliyobaki ina watu wake, watu wa Maganja na wengineo, na kuwaweka wa Milamba kati yao kungetaka mazungumzo marefu, mgawanyo wa maeneo ya kuvulia, hata mizozo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kumwaga zege. Lakini mazungumzo hayo hayakuepukika. Yaliahirishwa tu, maana leo mvuvi wa Quitunda anakwenda kuvua katika pwani hiyohiyo ya watu wengine, ila sasa anafika amechoka, kama mgeni, bila mahali pa kulaza chombo. Pwani yetu inayo desturi ya wageni wa baharini: wavuvi wa dago huhama na msimu, wakapiga kambi ufukweni mwa wenzao kwa makubaliano yanayojulikana. Kulikuwa na pa kuanzia.

Kampuni yenyewe haikuziba masikio. Mwaka 2023 ilimwita Jean-Christophe Rufin, daktari na mwanadiplomasia wa Ufaransa, aitazame hali ya watu wa eneo hilo. Baada ya ripoti yake ukaanzishwa mfuko wa maendeleo uliotangaziwa dola milioni 200, ukapewa jina la Kiswahili: Pamoja Tunaweza. Nililisoma jina hilo nikafurahi kwa ajili ya lugha, kisha nikajiuliza, tunaweza nini? Fedha inaweza kufuga kuku, kuchimba kisima, kumfundisha kijana ufundi wa kuchomelea vyuma, na yote hayo ni mema. Hata pale akina mama wa mwambani wanapolipwa, fedha inafidia mavuno ya miaka fulani. Haifidii ukaribu. Ndoo ya kombe iliyokuwa ikiokotwa kila bamvua bila gharama sasa itanunuliwa sokoni, na fedha ya kuinunua lazima itoke mahali, kila wiki, hata mradi ukisimama. Nao uliwahi kusimama, kwa zaidi ya miaka minne.

Hapo ndipo tofauti ya miji hii miwili inapoonekana wazi. Gesi ilipozimika Melkøya, mtu wa Hammerfest alitembea hadi botini kwake. Mradi uliposimama Afungi, mtu wa Quitunda alikuwa ndani ya nyumba nzuri, mbali na mtumbwi wake.

Naandika haya kwa sababu jambo hili halijaisha, na safari hii ni zamu yetu. Kiwanda cha Melkøya kinaendeshwa na Equinor ya Norwei, ambayo miaka ile iliitwa Statoil. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyogundua Zafarani mwaka 2012 katika bahari ya Tanzania, na ni miongoni mwa zile zinazotarajia kujenga kiwanda cha kupoza gesi Likong'o, Lindi. Hammerfest na Lindi, kwa hiyo, tayari zina jirani mmoja. Viongozi wetu watakwenda Norwei kujifunza, na wataonyeshwa mfuko, sheria na michoro. Ningewaomba siku moja wapande meli ya pwani, washuke Hammerfest kabla ya adhuhuri, watembee saa mbili bila mwenyeji, kisha warudi Likong'o na saa zao mkononi.

Na nyumba ya mfano itakapokamilika, kabla ya kukaribisha wapiga picha, akaribishwe kwanza mama mmoja wa pale. Apewe ndoo na kijiti chake, asimamishwe mlangoni siku ya bamvua, maji yanapoanza kutoka. Aende kwa miguu. Akirudi na kitoweo kabla mtoto hajalilia ziwa mara ya pili, nyumba ya pili ijengwe.